Shimo halikuwa na mwenyewe, lawama zikamwangukia mtendaji wa mtaa. Tuzungumze uwajibikaji wa huduma zinazoendeshwa na taasisi nyingi

#1 Mzawa wa Tabata

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika mara mbili nikaufuta, kwa sababu jambo ninalolisimulia na mimi nina mkono ndani yake.

Huku kwetu upande wa Tabata kuna mtaro wa maji ya mvua uliokuwa umefunikwa kwa mifuniko ya zege. Barabara yetu haina njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo watu hupita juu ya mifuniko hiyo. Masika ya mwaka juzi wakaja vijana wa mkandarasi anayepitisha nyaya za mawasiliano. Wakainua mifuniko minne, wakalaza bomba lao, wakarudisha mitatu. Wa nne uliwavunjikia mikononi. Wakachomeka tawi la mwarobaini liwe alama, wakapakia koleo zao wakaondoka.

Tawi lilikaa siku mbili. Shimo lilikaa wazi wiki saba, hadi asubuhi ya ajali.

Jirani yetu mmoja, mama anayepika vitumbua, alitoka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, maji yamefunika barabara na mtaro, hujui lami inaishia wapi. Akatumbukia, nyonga ikavunjika. Beseni lake lililoondoka na maji tulilikuta mbele, nyumba ya nne. Alhamdulillah hakufa. Lakini tangu siku ile hajawasha jiko barazani kwake, na watoto wake wawili walihamishiwa kwa shangazi yao Mbagala.

Jumapili ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mwenye barabara hakuja. Mwenye mtaro hakuja. Mkandarasi hakuja, na kampuni iliyompa kazi haikutuma hata mtu wa kusikiliza. Aliyekuja ni mtendaji wa mtaa peke yake, dada wa miaka thelathini na kidogo. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza, benchi na kabati la mafaili lisilofunga.

Nikasimama mimi. Nikamwambia mbele ya umati ule kwamba mshahara anaokula ni haramu, kwamba mama wa watu amelala hospitali kwa sababu yeye anakaa ofisini kupiga soga. Watu wakapiga makofi. Kuna aliyerekodi, na jioni video ikawa inazunguka kwenye magrupu. Hazikupita siku tano tukasikia amehamishwa. Nikapongezwa dukani, nikapongezwa msikitini. Nilijiona nimewatetea wanyonge.

Masika yaliyofuata, shimo lilikuwa palepale.

Nikaenda ofisini kumkaba mtendaji mpya. Kijana mstaarabu, hakubishana nami. Akafungua kabati, akatoa faili, akanipa nisome. Ndani mlikuwa na barua tatu za yule dada. Ya kwanza aliiandika siku ya pili tu baada ya mfuniko kuvunjika, wiki saba kasoro siku moja kabla mama hajatumbukia. Zote zina mhuri wa kupokelewa. Majibu yalikuwa mawili. Wa kwanza walisema wao wanahusika na lami, mtaro hawajakabidhiwa. Wa pili walisema mtaro watauangalia mkandarasi akishamaliza kazi na kukabidhi. Wa tatu hawakujibu. Majibu yote mawili yalimalizia kwa "tunashukuru kwa ushirikiano wako".

Ofisi ya mtaa haina fungu la kununulia hata mfuko mmoja wa saruji. Yule dada alikuwa na kalamu tu, na kalamu aliitumia.

Wakuu, swali langu ni hili. Huduma inapokuwa mikononi mwa watu wanne, kila mmoja na kipande chake, ikiharibika pale vipande vinapokutana tumdai nani? Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nimeona na lingine: kikishaenda mrama, manahodha wote hushuka, anayebaki kupigwa mawe ni kijana wa kukomba maji.

Nawasilisha.

---

#2 Mama Nasra

Pole sana kwa huyo mama. Gharama za nyonga alilipa nani? Usije ukaniambia ni michango ya majirani.

---

#3 Mzawa wa Tabata

Michango ya majirani, dada yangu, pamoja na kikundi chake cha vikoba. Kila taasisi ilisema subiri ijulikane kwanza nani mwenye kosa.

---

#4 Kijiti cha Ruvu

Mkuu, umegusa penyewe. Ngoja niwakumbushe jambo kubwa zaidi la jiji hilihili, maana vijana wengi humu walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wanabebwa mgongoni.

Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yaligawanywa. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikabaki mwenye mabomba na mitambo, na msimamizi wa mradi mkubwa uliolipiwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kuendesha huduma na kukusanya ankara kukapewa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Ndani yake mlikuwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nyumbani. Kazi ilianza Agosti 2003.

Haikufika miaka miwili. Kampuni ilikusanya fedha kidogo kuliko ilivyoahidi, ikasema mabomba iliyoyakuta hayakuwa kama ilivyoelezwa. Upande wa pili ukasema kampuni iliomba kazi kwa bei isiyowezekana. Mei 2005 waziri wa maji wa wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Juni mosi viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Nilikuwa Manzese wakati ule, na watu walifurahi sana. Mkosaji amepatikana, ana sura, tena mgeni.

Kesi ikaenda kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa. Uamuzi wa Julai 2008 ndio ninaotaka kila mtu humu aufikirie. Baraza lilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyoitoa ile kampuni, lakini halikuamuru fidia hata senti, kwa sababu kampuni ilikuwa imekwishaanguka yenyewe kabla ya kutolewa. Maana yake wote wawili walikuwa na makosa, kila mmoja la kwake, na makosa hayo yalitenganishwa kurasa kwa kurasa. Sisi barazani tulikuwa na neno moja tu: wezi.

Na maji je? Manzese hayakutoka kwa sababu City Water imeondoka. Yalianza kuwa na nafuu miaka mingi baadaye, mtambo wa Ruvu Chini ulipopanuliwa hadi lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu hadi lita milioni 196. Kufukuza kulichukua siku moja. Mitambo na mabomba vilichukua muongo mzima.

---

#5 Chuma cha Pua

Naheshimu hoja zenu lakini naona mnatafuta njia ya kuwakingia kifua watumishi. Bila mtu kuondoka, hakuna kinachosogea nchi hii. Hizi habari za "mfumo" na "wadau wengi" ndizo kichaka chenyewe wanachojifichia. Ukisema kosa ni la wote, umesema si la mtu. Mzee Mwinyi miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Yeye hakuwepo Shinyanga, hakumgusa mtu. Akajiuzulu. Huo ndio uwajibikaji, mengine ni maneno.

---

#6 Mzawa wa Tabata

Chuma cha Pua, kaka, mfano wako naupokea kwa mikono miwili, na nadhani unaniunga mkono bila kukusudia.

Mzee Mwinyi alikuwa juu. Lawama ilipanda kutoka kwa askari wa Shinyanga, ikapita ngazi zote, ikamfikia waziri, naye akaipokea kwa hiari yake. Kwetu Tabata ilishuka. Ilipita kwa wenye fedha, ikapita kwa wenye koleo, ikapita kwa wenye saini, ikatua kwa mwenye benchi na kabati bovu. Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili na tunayachanganya. Kuwajibika ni mtu mwenyewe kusema hili lilikuwa langu. Kuwajibishwa ni kuambiwa na mwenye mamlaka, baada ya kusikilizwa. Tulichomfanyia yule dada si hiki wala kile. Tulimtoa kafara.

Wala sisemi kosa ni la wote. Nasema makosa ni manne na kila moja lina mwenyewe. Aliyevunja mfuniko asiseme. Aliyempa kibali cha kuchimba asirudi kukagua. Aliyepokea barua ya mtaro akasubiri makabidhiano. Aliyepokea barua ya tatu asijibu kabisa. Nataka majina manne, si jina moja. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

---

#7 Mwanaustawi

Habari zenu. Nimesomea ustawi wa jamii, Kijitonyama, na nimefanya kazi na watoto walioumizwa majumbani. Mjadala huu kwetu ni mkate wa kila siku. Kuna mambo ya Haringey, halmashauri moja ya kaskazini mwa London, ambayo siwezi kuyasahau.

Februari 2000 alifariki mtoto Victoria Climbié, miaka 8, aliyepelekwa Ulaya kutoka Afrika Magharibi na shangazi wa baba yake ili asome. Aliteswa na huyo ndugu na mwanamume aliyeishi naye. Maofisa wa ustawi walimwona, polisi walimwona, madaktari wa hospitali mbili walimwona. Uchunguzi wa Lord Laming ulioisha 2003 ulihesabu nafasi 12 ambazo angeweza kuokolewa. Ukatoa mapendekezo 108. Tena Laming alisema wazi kwamba kushindwa kukubwa zaidi kulikuwa kwa mameneja na wakuu waliotakiwa kuhakikisha huduma ina fedha, watu na usimamizi, huku wa chini ndio waliokuwa wa kwanza kubebeshwa mzigo.

Sheria ikabadilishwa, idara zikaunganishwa, mkuu mmoja akawekwa juu ya huduma zote za watoto. Agosti 2007, ndani ya halmashauri ileile, akafa mtoto Peter Connelly, miezi 17. Naye alikuwa ameonwa na ustawi, polisi na madaktari, mara nyingi. Gazeti la The Sun likakusanya saini zaidi ya milioni 1 kutaka watu wafukuzwe. Waziri Ed Balls akaamuru mkurugenzi wa huduma za watoto wa Haringey, Sharon Shoesmith, aondolewe, na Desemba 2008 halmashauri ikamfukuza. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ikasema aliondolewa isivyo haki, maana hakupewa nafasi ya kusikilizwa.

Watu husimulia hapo wakaacha. Mimi huwa naangalia walichobaki nacho wafanyakazi. Baada ya kelele zile, maombi ya kuwachukua watoto kwa amri ya mahakama yaliongezeka sana Uingereza. Ofisa mwenye hofu anachukua uamuzi utakaomkinga yeye na gazeti, na huo unaweza usiwe uamuzi unaomfaa mtoto. Hilo nimelionja. Kesi ikinukia hatari, kila mtu anaandika barua ya kuirusha mbele ili faili lake liwe safi. Mwalimu anaandika kwa mtendaji, mtendaji kwa ustawi, ustawi kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, dawati kwa hospitali. Barua zote nzuri, mihuri yote ipo, na mtoto amerudishwa nyumba ileile jioni ileile. Hakuna aliyemshika mkono kumtoa mlango mmoja hadi mwingine.

Mahali pamoja nilipofanya kazi tulijaribu jambo dogo. Kwenye kikao cha pamoja kuhusu mtoto, hatukuandika "idara husika ifuatilie". Tuliandika jina la mtu, anachofanya, na kabla ya siku gani. Na ambaye mtoto yuko mikononi mwake leo alikuwa hawezi kuondoka mpaka mwenzake aseme kwa mdomo wake "nimempokea". Lilikuwa gumu. Wengine waliacha kuja kwenye vikao. Hata hilo lilitusaidia, kwa sababu kiti kitupu kilionekana.

---

#8 Mama Nasra

Mwanaustawi, "nimempokea". Nimelia hapa kwenye daladala.

---

#9 Fundi Sanifu

Nipo kwenye ujenzi zaidi ya miaka 20, naongea ninachokijua.

Jengo la Dar lina wenyewe wengi kuliko mnavyodhani. Kuna mmiliki, mbunifu majengo, mhandisi wa miundo, mkandarasi. Halmashauri inatoa kibali. Wahandisi wana bodi yao, makandarasi wana ya kwao, wabunifu na wakadiriaji wana ya kwao. OSHA wanaangalia usalama wa wafanyakazi. Wote hao wana haki ya kufika saiti. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya jiji, likaua watu 36. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Sasa piga hesabu: ghorofa sita za ziada hazifichiki chini ya turubai. Zilipanda juu ya paa za jirani, kila mtu akiziona, kwa miezi.

Nawaambia jinsi inavyokuwa. Mkaguzi wa bodi hii anafika, anaangalia kinachomhusu: je, mkandarasi amesajiliwa? Amesajiliwa. Anaondoka. Wa bodi ile anauliza mhandisi yuko wapi, anaoneshwa karatasi yenye jina, anaondoka. Wa halmashauri anaangalia kama kibali kipo ukutani. Kipo. Hakuna kati yao ambaye kazi yake siku hiyo ni kusimama barabarani, kunyoosha shingo na kuhesabu ghorofa. Kisha zege linashuka, watu wanakamatwa, kadhaa wanafikishwa mahakama ya Kisutu, na sisi tuliobaki saiti tunaendelea kama jana.

Novemba 16, 2024, Kariakoo, jengo lingine. Zaidi ya watu 20 wakafa. Wengine walikaa chini ya kifusi wakipiga simu kwa ndugu zao. Waziri Mkuu akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Jambo jema. Mimi ningependa kila jengo linalojengwa liwe na bango moja pale mlangoni, lisiwe la jina la mkandarasi na simu peke yake, bali lenye idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa kwa tarakimu kubwa. Mpiga debe, mmachinga, mwanafunzi, wote wanajua kuhesabu.

---

#10 Chuma cha Pua

Hilo bango naliunga mkono kwa asilimia mia.

---

#11 Abiria wa Kimara

Na mwendokasi, mradi wa mabasi yaendayo haraka ya Dar, mmeusahau? Ulianza 2016 na mabasi 140. Barabara ilijengwa chini ya TANROADS, wakala wa barabara; usimamizi ni wa DART, wakala wa serikali; mabasi yalikuwa ya kampuni ya UDART; nauli ni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Bonde la Msimbazi lilipojaa, Jangwani palifungwa na mabasi yakazama karakana. Oktoba 2025 abiria walichoka wakarushia mabasi mawe, na wakuu wa DART na UDART wakatenguliwa. Lakini miaka yote kabla ya hapo aliyetukanwa ni binti wa dirisha la tiketi. Nimemtukana na mimi, asubuhi nyingi tu, na nikifika kazini nilikuwa nimeshasahau sura yake.

---

#12 Mzawa wa Tabata

Wakuu, mrejesho. Nilikaa kimya siku tatu, nilikuwa natafuta.

Nimempata yule dada. Sitasema yuko kata gani, ameshapata taabu ya kutosha kwa mdomo wangu. Nilikwenda na jirani mmoja mtu mzima, maana kuomba radhi ukiwa peke yako unaweza kuishia kujitetea. Alitukaribisha kwenye benchi, lingine lakini linafanana na lile. Nikamwambia nimesoma barua zako. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Mama anatembea?" Nikamjibu anatembea kwa gongo. Akasema alikuwa na barua ya nne aliyoiandika siku ya mkutano asubuhi, akapanga aisome mbele yetu ili tuipitishe kama azimio la mtaa, akaogopa zile kelele. Bado alikuwa nayo. Amenipa nakala.

Barua ile haiwataki watu wafukuzwe. Inawataka wote wanne waje siku moja, saa moja, wasimame pembeni ya shimo, na kila mmoja atie saini kwenye karatasi moja: hiki changu, hiki si changu, na asiye na chake aoneshe ni cha nani. Akiwa hayupo, nafasi ya jina lake iachwe wazi na karatasi ibandikwe ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa.

Nimeipeleka kwa mtendaji mpya na mwenyekiti wa mtaa. Wamekubali, wamepiga muhuri, imepelekwa kwa mkono kote kunne na diwani amepewa nakala. Mama wa vitumbua amesema atakuja, tumwekee kiti. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Waliothibitisha kufika mpaka sasa ni wawili. Nitaleta picha ya karatasi, yenye saini na yenye nafasi tupu.

Fundi Sanifu, naomba ushauri: wale wa lami wanadai kipimo cha barabara kinaishia kabla ya mtaro. Tunajuaje?

---

#13 Fundi Sanifu

Hifadhi ya barabara ina vipimo, na mara nyingi kuna nguzo za alama, hata kama zimefunikwa na udongo. Msibishane kwa mdomo. Nakaa Segerea, si mbali. Saa tatu na nusu nitakuwa hapo na futi kamba na koleo, tuzitafute hizo nguzo kabla hawajafika. Niandikie kwenye inbox mtaa wenyewe uko wapi.